Ufizi Ndani ya Injini

"Wazazi wenzangu, magari ya wengine hujua kwenda na kusimama. Langu halijui kusimama!"

Maneno hayo aliyatoa Fundi Meno kwenye maikrofoni, katika mkutano wa wazazi, mbele ya watu mia nne na ushee. Alikuwa ameitwa jukwaani kutoa neno la shukrani tu, kwa niaba ya kamati ya paa la bweni. Shukrani zilimchukua nusu dakika. Akabaki na maikrofoni mkononi, na mwanamume mwenye maikrofoni asiye na la kusema ni sawa na mtoto aliyeokota kiberiti: lazima kitu kiungue. Akaanza na mabasi yanayochelewesha wanafunzi, akapitia ubovu wa barabara, na kabla mtu hajajua amefikaje huko, tayari alikuwa kwenye sifa za gari lake. Stesheni wagoni ya bluu, iliyotoka ng'ambo ikiwa imeshatumika, injini ya tabo, nguvu za farasi mia mbili na sabini, na haijawahi kumlaza njiani hata siku moja.

Mkewe ndiye mwalimu mkuu wa shule hiyo. Alikuwa meza ya mbele, anaikazia macho kalamu yake kana kwamba kalamu ndiyo iliyomposa.

Mkutano ukaisha, gari likagoma kuwaka. Tuwe wakweli, halikuwa na ubovu wowote. Mwenyewe aliacha taa zinawaka saa tatu nzima, ili wazazi wakipita getini wazione taa zake mpya za ukungu. Wazazi waliziona. Waliziona vizuri zaidi wakati wanalisukuma. Walianza sita, wakafika kumi na wanane, maana gari lenyewe lilikuwa limeshushwa chini mpaka kokoto za uwanja zinalikuna tumbo.

"Halijui kusimama, sawa," alisema mama mmoja, viatu mkononi, anahema. "Na kwenda je, litajifunza lini?"

Ikawa ndiyo salamu ya mtaa kwa wiki mbili.

Sasa, mtu asimsikie hivi akadhani Fundi Meno ni mtu wa ovyo. Kazini kwake anaheshimika. Hutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma ya kliniki, mita tatu kwa nne, dirisha moja, feni moja inayozunguka kwa kununa. Ukutani zimejaa rafu za mataya ya plasta, kila taya na jina la mwenyewe kwa penseli, na yote yanacheka. Nusu ya watu wazima wa mtaa wako pale. Kuna waheshimiwa wanaofokea watu mchana kutwa kwa meno aliyoyapanga yeye, moja baada ya jingine, kwa kibanio, amezuia pumzi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mteja hung'ata uji mzito wa kupimia. Uji ukiganda unabaki na umbo la ufizi wake. Umbo hilo humiminiwa plasta, juu ya plasta hujengwa nta, na mwishowe nta huyeyushwa na pengo lake kujazwa unga wa rangi ya waridi uliokorogwa na dawa yake. Vyote hufungwa ndani ya chuma, vikachemshwa kwenye sufuria saa moja na nusu. Kinachotoka humo ni ufizi, wa waridi, unang'aa, huwezi kuamini kwamba asubuhi ulikuwa vumbi kwenye kopo.

Akikabidhi meno, hunyanyua kidole na kutoa hotuba. Hotuba ni ileile mwaka wa ishirini na mbili sasa: "Usiyatie kwenye maji ya moto. Maji ya baridi, mswaki laini, basi. Yakipata moto yatapinda, na wewe utacheka upande hadi kaburini."

Hakuna aliyewahi kutoka pale bila kuisikia. Mbwa wa kliniki anaijua.

Gari lilimjia kama ugonjwa unavyomjia mtu mzima, ghafla na kwa nguvu. Miaka minne nyuma, mkewe alimpa kikaratasi kilichoandikwa kwa hati ya kiualimu: gari dogo, jeupe, lisilokula mafuta. Akaenda yadi ya magari akiwa na milioni tano na kikaratasi mfukoni. Akarudi jioni na stesheni wagoni ndefu kama kikao cha harusi, ya bluu iliyoiva, umri wake miaka ishirini na sita, boneti ina tundu katikati kama pua iliyochukia.

Mkewe alilizunguka mara moja, mikono nyuma, kama anakagua kucha za darasa la nne.

"Ndiyo hili dogo?"

"Ukilitazama kwa mbele, Mwalimu."

Hata nyumbani humwita Mwalimu. Alijaribu kumwita "mpenzi" mwaka wa kwanza wa ndoa, akaulizwa amevunja nini.

Majirani nao hawakuwa na huruma. Gari refu vile, la rangi ya huzuni, likiegeshwa nje ya nyumba ya mtu, watu wanatoka kuuliza nani ametutoka. Mara moja jirani wa pili alifika kabisa na kanga kichwani, analia. Ndipo likapata jina: Jeneza. Mwenyewe akilisikia hilo jina huvuta pumzi kwa pua na kueleza tabo ni nini, hata kama hakuulizwa. Tabo ni kile kikonokono cha chuma kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, kikasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. "Injini nyingine zinapumua," husema. "Hii inalishwa."

Alilitengeneza mwezi hadi mwezi, mkono kwa mkono na fundi wa gereji ya mwisho wa mtaa, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno, ambaye kila akiulizwa kama gari liko tayari hujibu "Bado." Mtaa ukamwita hivyohivyo, Fundi Bado. Wawili hao walibadilisha springi, gari likashuka. Tangu siku hiyo kila tuta la barabarani hulivuka kwa ubavu kama kaa, na abiria wanene huombwa kwa heshima watangulie kwa miguu. Wakafunga breki za gari kubwa zaidi. Wakafunga ekzosi ambayo kichwa cha mtoto mchanga kingepita. Wakabadilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, bushi zote kumi na nne, na kila kitu kilipofungwa, Fundi Meno alikikagua kwa kioo chake cha kazini, kile kidogo chenye mpini cha kutazamia magego. Alikuwa anainama juu ya injini na kioo mkononi, ananong'ona: "Fungua. Fungua zaidi. Aha. Hapa pana tatizo."

Na ukweli lazima usemwe, gari lilikuwa safi. Oili yake ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Lakini mkewe alikuwa ameshasukumiwa gari mbele ya wazazi mia nne. Jioni ya mkutano ule alingoja watoto watoke mezani. Kisha akasema, kwa ile sauti ya chini ambayo huko shuleni wanafunzi wa viti vya nyuma huisikia na kuanza kulia kabla ya kuambiwa kosa.

"Alhamisi ya wiki mbili zijazo, mama anatolewa mtoto wa jicho. Hospitali ya macho iko kilomita mia na arobaini. Zamu ni saa nne kamili, akiikosa anasubiri nusu mwaka. Nilitaka kumkodia teksi."

"Teksi ya nini, na mimi nipo?"

"Nimesikia. Gari lako halijui kusimama, uliwaambia watu. Sasa utampeleka wewe. Likifika bila kusimama, sitalisema tena mpaka mnanizika. Likisimama njiani kwa ubovu wake, hata mara moja, linauzwa."

"Mwalimu, lakini pancha je? Pancha ni ya Mungu."

"Pancha nakusamehe. Polisi nakusamehe. Mengine yote ni yako."

Akaliandika neno hilo. Kesho yake likawa limechapwa, limepigwa mhuri wa shule, limebandikwa kwenye friji. Na mwalimu mkuu huyu ana jambo moja linalojulikana na kila mtu: neno lake halirudi nyuma. Aliwahi kutangaza kwa kukosea kwamba Jumatano ni Ijumaa, shule nzima ikafunga Jumatano.

Shahidi na mwamuzi angekuwa mama mkwe mwenyewe. Hapo ndipo Fundi Meno alipoanza kulala ubavu mmoja. Mama mkwe alistaafu ukaguzi wa mizani baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwakamata wauza nyama. Mama huyu hadanganyi, na hadanganyiki. Meno yake ya juu alitengenezewa na mkwe wake bure, kama heshima; alipoyapokea aliyapima kwanza kwenye kiganja, akasema, "Mkwe, upande wa kushoto umezidisha." Na ni kweli, ulikuwa umezidi.

Jumatatu ya wiki ya safari gari likapelekwa gereji kukaguliwa mara ya mwisho. Fundi Bado aliingiza kichwa chini ya boneti, akakaa humo muda wa kutosha mtu kuoa na kuacha, akatoka.

"Kona," alisema.

"Kona gani?"

Akaonyesha. Kati ya tabo na kipoozeo cha hewa kuna bomba, na kwenye bomba hilo kuna kona ya plastiki ngumu nyeusi, ukubwa wa ngumi, imepinda kama kiwiko. Ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

"Itafika Alhamisi?"

"Haifiki hata sokoni."

Wakapiga simu kila yadi. Kona kama hiyo ilikuwepo, ila iko ng'ambo, na inakuja kwa meli, wiki sita. Fundi Meno alikaa juu ya tairi la akiba, kona iko mkononi, anaizungushazungusha. Alipitisha kidole gumba ndani yake. Akaipima kwa jicho. Kidogo kidogo uso wake ukaanza kung'aa, na Fundi Bado, aliyemjua, akaanza kurudi nyuma.

"Hiki," alisema Fundi Meno, "ni kama taya tu."

"Hapana."

"Nasema ni taya lisilo na meno. Nipe siku moja."

Akaondoka nayo mbio. Wateja wawili wa siku hiyo waliambiwa warudi Ijumaa, mmoja akiwa na meno ya mbele tu. Aliipima kona kwa uji wa kupimia, akaimiminia plasta, akajenga nta juu yake kwa unene wa kidole ili iwe imara, akajaza unga wa waridi, akafunga chuma, akachemsha. Hakuchemsha saa moja na nusu. Alichemsha tatu, kwa mapenzi. Kisha akaipiga msasa, akaing'arisha kwa brashi ile ya kumalizia meno ya mabwana harusi.

Jumanne asubuhi aliiweka juu ya boneti mbele ya Fundi Bado. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya waridi, laini, ina mng'ao wa mate. Ilionekana kama kitu kilichotoka mdomoni mwa jitu.

Fundi Bado aliigonga kwa ukucha. "Hii itahimili joto?"

"Joto?" Fundi Meno alicheka kwa huruma, kicheko cha msomi. "Bwana wee, hii imechemka saa tatu. Hii joto imelijua tangu tumboni."

Ikafungwa. Wakaikaza na klipu mbili mpya. Jumanne na Jumatano aliliendesha mjini, akavuka matuta yote kwa ubavu, akalikanyaga kwenye barabara ya uwanja wa mpira, tabo ikapuliza, ikapumua, kona ikatulia tuli kwenye kiti chake. Jumatano jioni alipita mbele ya friji akaisomea ile karatasi kwa sauti, kwa madoido, kama mtu anayemsomea adui wosia.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi waliondoka. Mama mkwe alikaa mbele, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, mwavuli kati ya magoti, chupa mbili za maji ya kunywa miguuni. Saa yake ya mkononi ilikuwa ile inayosema wakati kwa sauti, kwa sababu ya macho. Aliibonyeza. Saa ikatamka: saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja.

"Tumeanza," alisema mama mkwe. "Endesha, mkwe."

Kilomita arobaini za kwanza hazikuwa na neno. Barabara tambarare, lami mpya, injini inanguruma chini chini kama mtu mnene aliyeshiba. Kwenye kilomita ya hamsini wakakuta lori la mchanga. Fundi Meno alitazama mbele, hakuna gari. Akakanyaga. Tabo ikavuta pumzi, gari likajirusha, lori likabaki nyuma kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Alimwangalia mama mkwe kwa pembe ya jicho. Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Ilikuwa nini hiyo?"

"Samahani, Mama. Ndiyo tabo yenyewe."

"Mh." Akafikiri. "Mbele kuna lori jingine?"

"Liko moja, Mama, mbali kidogo."

"Usilicheleweshe."

Walipita malori manne na basi moja. Kwenye basi mama mkwe alipunga mkono, ingawa hakuona anampungia nani. Fundi Meno alijisikia mwepesi kama mtu aliyevuliwa jino bovu. Aliona tayari ile karatasi inabanduliwa kwenye friji. Aliona anakabidhiwa maikrofoni tena.

Kwenye kilomita ya tisini na tano mlima ukaanza.

Mlima ule ni wa kilomita kumi na mbili, unapanda bila kupumzika. Mjini, tabo huwa inapuliza sekunde tatu, nne, kisha kuna tuta, inapoa. Hapa ilipuliza dakika moja, mbili, tano, na hewa inayotoka kwenye tabo inayopuliza hivyo ina moto wa kukaanga yai. Kwenye dakika ya saba, Fundi Meno alisikia harufu. Aliijua mara moja. Hakuna mtu duniani ambaye angeijua upesi kuliko yeye. Ni harufu ya meno ya mteja mbishi.

Moyo ukamlipuka kabla ya bomba. Sekunde mbili baadaye, chini ya boneti, pakasikika *pah!* kama begi la karatasi lililopasuliwa na mwanafunzi. Ukafuata mluzi mrefu, moshi mweusi, injini ikakohoa mara tatu, ikazima. Gari likasogea kwa aibu hadi ukingoni mwa barabara.

Likasimama.

Mama mkwe alibonyeza saa yake. Saa mbili na dakika kumi na mbili.

Fundi Meno alitoka, akafungua boneti, akaona. Kona ilikuwa imelegea na kupinda, imechomoka kwenye klipu, imening'inia upande. Inacheka upande.

Halafu akafanya jambo ambalo mkewe asingelitegemea. Hakugusa hata spana. Alikwenda katikati ya barabara akaanza kusimamisha magari ya watu. Gari dogo jeupe likasimama, lile lile la kwenye kikaratasi, la mtumishi mmoja wa benki aliyekuwa anaelekea upande huohuo.

Akarudi kwenye dirisha la mama mkwe. "Mama, shuka twende, huyu bwana atakufikisha. Kwa mwendo wake saa tatu na nusu uko hospitali."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki na gari."

"Nikipanda lile, hili ndio basi tena. Unajua?"

"Liuzwe tu, Mama. Limeshasimama tayari. Jicho lako kwanza."

Mama mkwe hakushuka. Alinyoosha mkono nje ya dirisha. "Nipe hicho kilichoharibika."

"Ni cha moto, Mama."

"Nina kitambaa."

Akampa. Mama hakuiona vizuri, ila vidole vyake vilikuwa vimepima mawe ya mizani miaka thelathini na mmoja. Aliipapasa nje, akapitisha kidole ndani. Akaipapasa tena.

"Mkwe, mbona umenipa ufizi?"

"Ndio, Mama. Ni... ndio huohuo."

"Huu wa kwangu mdomoni?"

"Unga ni mmoja."

"Si wewe uliyeniambia nisiyatie kwenye maji ya moto?"

"Ni mimi."

"Ulininyooshea na kidole."

"Nilinyoosha, Mama."

"Na humo kwenye injini kuna baridi?"

Mtumishi wa benki, aliyekuwa amesogea kusikiliza, aligeuka akatazama bonde. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema mganga atajipa sumu yeye mwenyewe, tena aliyoitangaza kila siku kwa miaka ishirini na miwili.

"Yangu yakipinda huwa unayafanyaje?" aliuliza mama mkwe.

"Huwa nayarudisha yakiwa bado laini. Halafu nayatia maji ya..."

Hakumalizia sentensi. Alimnyang'anya mama mkwe kona, kitu ambacho kwa siku nyingine kingehitaji kikao cha ukoo, akaishika kwa kitambaa. Bado ilikuwa laini. Akaanza kuirudisha, gumba ndani, vidole nje, taratibu, ulimi umemtoka pembeni, vile anavyofanya chumbani kwake mbele ya mataya mia mbili. Akaijaribisha kwenye bomba. Akaitoa, akaisukuma unene wa unywele kushoto. Akaijaribisha tena. Mama mkwe akafungua chupa ya kwanza ya maji akamiminia. Ikawa ngumu. Wakaifunga na klipu, wakaizungushia kitambaa cha mama kilicholowa, na chupa ya pili ikawekwa tayari kwa ajili ya kukilowesha.

Injini ikawaka mara ya kwanza. Mama mkwe akabonyeza saa. Saa mbili na dakika hamsini.

Sehemu iliyobaki waliienda kama wanabeba mayai. Akiigusa pedali, aliigusa kwa kidole gumba cha mguu. Hita ilifunguliwa mpaka mwisho ili kuiondolea injini moto, madirisha wazi, wawili hao wanatokwa jasho kama waokaji mikate, na lori la mchanga likawapita, kisha malori manne, kisha lile basi, na mara hii basi zima ndilo lililopunga mkono. Saa nne kasoro dakika sita waliingia lango la hospitali. Mama mkwe aliitwa kabla hajakaa.

Kesho yake alirudishwa nyumbani na teksi, jicho moja limefungwa. Gari lilikuja nyuma juu ya lori, limefungwa kamba, na watu wa mtaani wakajitokeza kuuliza safari hii nani.

Mwalimu mkuu aliwakalisha wote wawili sebuleni. Hakuna aliyegusa chai.

"Mama. Lilisimama?"

"Lilisimama," alisema mama mkwe. "Dakika thelathini na nane."

Fundi Meno aliinamisha kichwa. Hakutegemea vingine, lakini kuna mambo mtu anayajua na bado yakitamkwa yanamkata.

"Kwa ubovu wake?"

"Kwa ubovu wa huyu." Akamwelekezea mkwewe kidevu. "Ila mizani ina pande mbili, mwanangu, usisome mmoja. Alinitafutia gari jingine kabla ya kuligusa la kwake. Alisema liuzwe, jicho lako kwanza. Nililisikia kwa masikio yangu, na masikio hayana mtoto wa jicho." Akanyoosha mgongo. "Na la pili wananitoa baada ya miezi mitatu. Nitakwenda na hilohilo."

"Mama, nilishasema. Limesimama, linauzwa."

"Uza. Kwani nimekukataza?"

Mwalimu mkuu alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, akaenda chumbani kuchapa tangazo. Jumamosi asubuhi lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha nyuma cha gari, pembe zote nne kwa gundi, mhuri wa shule chini yake.

Fundi Meno alikataa kulisoma. Nani anasoma kadi ya mazishi yake? Alijifungia kazini, akapanga meno ya mteja wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaweka gego mahali pa chonge. Dirishani kwake gari lilionekana, limeegeshwa ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yake, na wanunuzi walianza kuja.

Wa kwanza alikuwa bwana mwenye kofia. Alilizunguka, akapiga tairi teke, akainama kutazama breki, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeona mchumba. Akafika nyuma. Akasoma. Akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka bila kumsalimia mtu. Baadaye wakaja mke na mume. Mke alisoma tangazo mpaka mwisho, akaegemea gari, akacheka hadi mume akamshika mkono. Jumapili walifika saba, na wote waliondoka wakitikisa vichwa.

Hilo ndilo lililomuuma. Kuuzwa alishakubali. Kuchekwa, hapana. Jumapili jioni alirudi nyumbani, akamkuta mkewe amekaa mezani na rundo la mitihani, kalamu nyekundu inakwenda.

"Mwalimu, watu wanalikimbia gari langu. Umeandika nini pale?"

"Ukweli." Hakunyanyua macho. "Nenda kasome. Miwani yako iko juu ya friji."

Akachukua miwani. Akatoka nje. Karatasi ilikuwa imechapwa kwa herufi kubwa, nadhifu, bila kosa hata moja:

LINAUZWA. Stesheni wagoni, bluu, injini ya tabo, oili safi. Limesimama njiani mara moja, dakika thelathini na nane. Lina bomba moja la rangi ya waridi. Bei haipungui, na muuzaji hana haraka.

Milioni mia moja na ishirini.